Habeas corpus si amri ya kuachiwa huru

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemeshe waandishi wa habari za mahakama. Ndugu wakishazunguka vituo vya polisi siku tatu nne bila kumwona mtu wao, kisha wakili akaenda Mahakama Kuu, kesho yake tunasoma magazetini “habeas corpus”, yaani amri ya kumtaka anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji na aseme sababu. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mmoja anaandika kwamba mahakama imetoa habeas corpus, hivyo mtuhumiwa yuko huru. Mwingine anaandika kwamba familia imefungua habeas corpus kudai mwili wa kijana wao, na msomaji wa kijiweni anajua basi, kijana amekwisha kufa. Wa kwanza amekosea sheria, wa pili amekosea Kilatini. Wote wawili wameyachukua maneno yale kama jina tu, wasijue kwamba ni kipande cha sentensi, tena sentensi yenye mtu anayeambiwa.

Hati ya kale ya Uingereza iliandikwa kwa Kilatini kwa jina la mfalme, na ilianza hivi: Praecipimus tibi, “tunakuagiza wewe”. Huyo “wewe” si mfungwa, wala si wakili wake. Ni yule aliyemshika mtu: mkuu wa gereza, mlinzi wa ngome, nahodha wa meli, yeyote mwenye ufunguo. Kisha hati inaendelea: corpus, mwili, wa fulani bin fulani, in custodia tua detentum, aliyezuiliwa mikononi mwako, ut dicitur, kama inavyosemwa, una cum die et causa captionis et detentionis suae, pamoja na siku na sababu ya kukamatwa na kuzuiliwa kwake, habeas coram nobis, uwe nao mbele yetu, ad subjiciendum, ili awe chini ya lile ambalo mahakama itaamua juu yake.

Tazama palipokaa neno habeas. Kwa Kilatini habes ni “una”, na habeas ni “uwe na”. Msemaji wa Kiswahili hahitaji somo refu hapo, maana nasi tunageuza umbo la kitenzi vilevile: unaleta, ulete, una, uwe na. Kwa hiyo habeas corpus, neno kwa neno, ni “uwe na mwili”, na anayeambiwa ni askari. Hakuna neno hata moja ndani yake lenye maana ya kuachia.

Na corpus hapa si maiti. Ni mtu mzima, nafsi yake, kama vile serikali ya mkoloni ilipotoza kodi ya kichwa haikuwa ikitaka kichwa kikatwe kiletwe bomani. Kosa hilihili hutokea kwenye msemo mwingine, corpus delicti, ambao waandishi hudhani ni maiti ya mtu aliyeuawa. Ule ni “mwili wa kosa”, yaani uthibitisho kwamba kosa lenyewe limetendeka. Kwenye kesi ya wizi wa ng’ombe pia ipo corpus delicti, na hakuna aliyekufa.

Sehemu ya hati ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote ni ile ambayo haikuingia kwenye jina: siku na sababu. Mlinzi haitwi kumwonyesha mtu tu jaji amwone yu hai. Anaitwa ajibu kwa maandishi: ulimkamata lini, na kwa sheria gani bado unaye? Jaji hupima jibu hilo. Sababu ikiwa halali, mtu anarudishwa rumande palepale, na amri ya habeas corpus itakuwa imetekelezwa kikamilifu. Sababu isipotosha ndipo inapotolewa amri nyingine ya kumwachia. Ni hatua mbili, na gazeti linapoziunganisha kuwa moja linaipa familia sherehe ambayo haijafika.

Historia nayo inaonyesha kwamba hati hii haikuzaliwa kuwa mkombozi. Wengi huihusisha na Magna Carta ya 1215, mkataba wa kale wa Uingereza. Ni kweli ibara ya 39 ya mkataba ule ilikataza mtu huru kukamatwa au kufungwa isipokuwa kwa hukumu ya halali ya wenzake au kwa sheria ya nchi, lakini maneno habeas corpus hayamo. Katika karne zile hati za jamii hii zilikuwa vyombo vya kuvutia watu mahakamani, zikiwa aina kwa aina kulingana na mkia wa sentensi: ad respondendum, aje kujibu madai; ad testificandum, atolewe gerezani aje kutoa ushahidi. Iliyopata umaarufu ni ad subjiciendum peke yake, na hiyo ndiyo tunayoimaanisha leo tukiitaja bila mkia.

Iligeuka kuwa ngao pale watu walipoanza kuielekeza kwa mfalme mwenyewe. Mwaka 1627 mabwana watano waliokataa kumkopesha Charles I fedha kwa lazima walitupwa ndani, wakaomba habeas corpus. Mlinzi wa gereza akaleta jibu: wameshikwa per speciale mandatum domini regis, kwa amri maalumu ya bwana mfalme. Basi, hakuna zaidi. Majaji wakawarudisha ndani. Udhaifu ukaonekana wazi: ikiwa “nimeagizwa na mkubwa” ni sababu ya kutosha, kumleta mtu mbele ya jaji ni kumtembeza tu. Mwaka uliofuata Bunge likamwekea mfalme Ombi la Haki likilalamikia kufunga watu bila sababu kutajwa.

Sheria ya Habeas Corpus ya 1679 ndiyo iliyotia meno, na uzuri wake ni kwamba iliandikwa na watu waliojua hila za walinzi wa magereza. Jela ikiwa ndani ya maili 20 kutoka mahakamani, mtu aletwe ndani ya siku 3. Zaidi ya maili 20 hadi 100, siku 10. Zaidi ya hapo, siku 20. Gharama ya kumsafirisha isizidi peni 12 kwa maili, ili mlinzi asitaje nauli ya kumshinda masikini. Nakala ya hati ya kumfunga itolewe ndani ya saa 6 baada ya kuombwa. Mlinzi akikaidi, faini ya pauni 100 kwa kosa la kwanza, 200 kwa la pili na kazi inakwisha. Hata jaji aliyekataa kutoa hati wakati wa likizo ya mahakama alitozwa pauni 500. Mtu aliyeachiwa asikamatwe tena kwa kosa lilelile. Atakayemkamata, pauni 500. Na mfungwa asipelekwe Scotland, Ireland, Jersey, Guernsey, Tangier wala ng’ambo nyingine, kwa sababu mchezo ulikuwa kumpakia mtu kwenye meli hadi mahali ambapo mkono wa mahakama haufiki. (Askofu mmoja wa zama hizo aliandika kwamba sheria hiyo ilipita kwa mzaha: mhesabu kura alimhesabu bwana mmoja mnene kama watu kumi, mwenzake akiwa hakushtuka. Kura zilizoandikwa ni 57 kwa 55. Ni kweli au ni porojo, mimi naipenda.)

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa James Somerset. Alikuwa mtumwa aliyeletwa Uingereza na bwana wake, akatoroka, akakamatwa mwishoni mwa 1771 na kufungwa minyororo ndani ya meli Ann and Mary iliyokuwa kwenye mto Thames, tayari kupelekwa Jamaica kuuzwa. Hati ilielekezwa kwa nahodha, John Knowles. Hakuwa polisi wala askari jela. Nahodha akamleta Somerset pamoja na sababu: ni mali ya Charles Stewart, amenunuliwa kwa mujibu wa sheria za Virginia. Jaji Mkuu Mansfield, tarehe 22 Juni 1772, akaona sababu hiyo haitoshi katika ardhi ya Uingereza, na Somerset akaenda zake. Hatua zote ninazozieleza zimo humo: mshikaji anaitwa, analeta mtu, anataja sababu, sababu inapimwa, ndipo uhuru unafuata.

Kwetu Afrika Mashariki hati hii iliingia pamoja na mahakama za Waingereza. Tanzania Bara ipo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, kifungu cha 390 kwa namba zake za awali, na Kenya katika kifungu cha 389 cha sheria yao ya mwenendo wa makosa ya jinai. Vyote viwili vinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuagiza mtu aletwe ashughulikiwe kwa mujibu wa sheria, na kuagiza aachiwe yule anayeshikiliwa isivyo halali, awe mikononi mwa serikali au mwa mtu binafsi. Sheria yenyewe imezitaja kama amri mbalimbali. Mahakama ya mwanzo na ya wilaya hazina uwezo huo, kwa hiyo habari inayosema hakimu mkazi ametoa habeas corpus ina kasoro tangu mstari wa kwanza. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 25, imeiweka miongoni mwa haki nne zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 23(9), inasema isisimamishwe kamwe.

Waganda wana sababu ya kuandika hivyo. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka aliamuru Mwingereza mmoja aliyekuwa akishikiliwa na wanajeshi aachiwe. Tarehe 21 ya mwezi huohuo alichukuliwa kutoka Mahakama Kuu, Kampala, mchana kweupe, hakuonekana tena.

Miaka michache kabla ya hapo Uganda hiyohiyo ilitoa shauri ambalo kila wakili wa eneo hili amelisoma: Uganda dhidi ya Kamishna wa Magereza, ex parte Matovu. (Ex parte kwenye jina la kesi ni “kwa maombi ya”, kwenye “amri ya ex parte” ni “ya upande mmoja”. Tusizichanganye.) Michael Matovu, chifu wa saza (kaunti), alikamatwa Mei 1966 na akaomba habeas corpus. Alishindwa, na shauri linakumbukwa zaidi kwa hoja zake kuhusu katiba mpya ya mwaka ule. Lakini ukilisoma kwa jicho la masijala, lina somo jingine. Maombi yalikuwa mabovu: hayakutaja hata mjibu maombi, na hati ya kiapo ilikuwa imejaa hoja za kisheria na maombi. Majaji walizipeperusha kasoro hizo kwa kuwa uhuru wa mtu ulikuwa mezani, ila waliacha kanuni ambayo mpaka leo huangusha maombi ya wengine: hati ya kiapo inasimama badala ya ushahidi wa mdomo, basi iwe na mambo ambayo mwapaji anayajua mwenyewe au ameambiwa na anayaamini. Isiwe na pingamizi, isiwe na ombi, isiwe na hoja ya sheria wala hitimisho.

Kwa hiyo msomaji mwenye ndugu aliyechukuliwa, na mwandishi anayetaka kujua afungue ukurasa gani wa jalada, waangalie hati ya kiapo kwanza. Mshikwa mwenyewe hawezi kuapa akiwa hajulikani alipo, ndiyo maana mke, mzazi au rafiki anaruhusiwa. Aandike tarehe, saa na mahali alipochukuliwa. Waliomchukua walikuwa wangapi, wamevaa nini, gari gani na namba zake kama zilionekana. Vituo alivyokwenda kuulizia, siku gani, na alijibiwa nini na askari wa zamu. Namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikishwa polisi, au OB kama wasemavyo Kenya. Kosa la kawaida ni mke kuapa “mume wangu alikamatwa saa 2 usiku dukani” ilhali yeye alikuwa nyumbani. Ama ataje jina la aliyemweleza na aseme anamwamini, ama, bora zaidi, yule muuza duka aape hati yake. Aya za uhakiki mwishoni zitenganishe alilolijua na aliloambiwa. “Ameshikiliwa kinyume cha katiba” halikai humo. Hilo ni la wakili kulisema amesimama.

Kosa la pili ni kumtaja mjibu maombi asiye na mtu. Ukimtaja mkuu wa kituo kimoja tu, atajibu kwa kiapo kinzani kwamba daftari lake halina jina hilo, na atakuwa amesema kweli, kwa sababu mtu alihamishwa kituo usiku. Ndiyo maana mawakili hupanda ngazi: OCS (mkuu wa kituo), OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), kamanda wa mkoa, Mkuu wa Jeshi la Polisi, Mwanasheria Mkuu. Hati ya dharura iambatane, la sivyo jalada linapangiwa tarehe kama la kesi ya shamba. Kenya, ombi la kulinda haki linalofunguliwa chini ya ibara ya 22 halitozwi ada, na mahakama inaweza kulipokea hata kwa karatasi zisizo rasmi ikibidi.

Halafu yako yanayoiua hati baada ya kufunguliwa. La kwanza ni polisi kumpandisha mtu kizimbani asubuhi ya siku ya kusikilizwa, akasomewa shitaka lolote. Hapo yuko mikononi mwa mahakama nyingine kwa amri halali, na maombi yanaitwa yamepitwa na wakati. Kinachobaki ni dhamana, ambayo ni jambo tofauti kabisa. Lipo la mtu kukamatwa tena getini mara tu jaji anapomwachia. Lipo la kutolewa nchini: Februari 2018 mwanasiasa Miguna Miguna alisafirishwa kwenda Canada wakati majaji wa Nairobi wakitaka aletwe mbele yao, hila ileile ya meli iliyokatazwa 1679. Na lipo zito kuliko yote, polisi kukana: hatunaye. Habeas inataka mtu awe mkononi mwa anayeambiwa. Isipothibitika kwamba wanaye, jaji hana wa kumwambia “uwe naye”. Ikidhihirika kwamba amekufa, njia inahamia kwenye uchunguzi wa kifo, ambao una hakimu wake na sheria yake.

Jibu la kukana, hata hivyo, linatakiwa litolewe na mtu, kwa kiapo, mbele ya jaji. Septemba 2024 Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi wa Kenya, Gilbert Masengeli, alihukumiwa miezi 6 kwa kuidharau mahakama baada ya kuitwa mara kadhaa asitokee, katika shauri la watu watatu waliochukuliwa Kitengela. Siku chache baadaye watu hao wakaonekana wakiwa hai. Alipofika mwenyewe mahakamani, adhabu ikaondolewa.

Sasa tafsiri. Tangu sheria zilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama Tanzania, na wengi wanauliza maneno haya yaitweje. Waingereza walipita hapohapo. Sheria yao ya 1730, iliyoanza kutumika 1733, iliondoa Kilatini mahakamani, na kabla vumbi halijatulia ikabidi Bunge liruhusu maneno ya kitaalamu yabaki. Mwaka 1999 walifagia tena. Ex parte ikatoka, subpoena ikatoka, habeas corpus ikabaki. Sioni aibu nasi kuliacha neno kwenye jalada. Gazetini ndipo panapohitaji Kiswahili. “Amri ya kuachiwa huru” ni uongo. “Amri ya kumfikisha mahakamani” nayo inachanganya, kwa sababu kufikishwa mahakamani kwa msomaji wetu ni kusomewa mashitaka. Mimi huandika “amri ya kumleta mshikwa na sababu za kushikwa”. Ni ndefu, najua. Kwenye kichwa cha habari inatosha “Jaji awaagiza polisi: mleteni, mseme kwa nini mnaye”, na hapo Kilatini chote kimekwisha kusemwa, pamoja na lile habeas linalomtazama askari usoni.

Na kabla polisi hawajajibu, tafadhali msiandike “anayeshikiliwa na polisi” wala “aliyetekwa”. Andikeni “anayedaiwa kushikiliwa”. Maneno hayo yamo ndani ya hati tangu zamani: ut dicitur.

Mfasiri wa nyaraka za kisheria,
Dar es Salaam